Vakyum pampu haivuti: ipime yenyewe kabla hujaifungua

Mafundi wengi wa friji na AC tunafanyia kazi nyumbani, uani au kwenye banda la bati, na vakyum pampu, ile ya kuvuta hewa na unyevu kwenye mfumo kabla ya kujaza gesi, ni hiyo hiyo moja. Ikigoma, kazi zote zimesimama. Hivi karibuni nilimsaidia kijana mmoja wa mtaani ambaye ameshaambiwa yake imekufa, anunue nyingine. Haikuwa imekufa, na nyingi zinazotupwa hazijafa. Naandika mpangilio tuliofuata. Unahusu zile pampu ndogo za rota, zenye mkono wa kubebea juu na kidirisha cha oili mbele.

Hatua ya 1: Mota

Ukiwasha ikavuma bila kuzunguka, zima hapo hapo, usiiache iungue. Zungusha feni ya nyuma kwa mkono, umeme ukiwa umechomolewa. Ikiwa nyepesi, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita: itoe chaji, ipime kwa mita yenye kipimo cha mikrofaradi, linganisha na namba iliyoandikwa ubavuni. Ikiwa nzito, huenda kuna kutu au uchafu ndani, nenda hatua ya 4. Na kabla ya kulaumu chochote, achana na ekstensheni nyembamba ya mita nyingi. Jioni umeme ukiwa mdogo, waya ule unamaliza kile kidogo kilichobaki.

Hatua ya 2: Oili

Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, imeshika maji. Ikiwa nyeusi, imechoka au imebeba uchafu wa kompresa iliyoungua. Imwage ikiwa bado ya moto, inabeba uchafu mwingi zaidi, halafu jaza mpya hadi kati ya mistari miwili. Iendeshe dakika kumi, utazame tena. Ikirudi nyeupe, mwaga tena. Usione uchungu: lita moja ya oili ni rahisi kuliko pampu.

Hapa sina mjadala: tumia oili ya vakyum pampu tu. Oili ya injini ina viungo vya kusafishia injini, na chini ya vakyumu sehemu yake inageuka mvuke, kwa hiyo pampu inabaki inajivuta yenyewe. Kopo nalo lifungwe vizuri. Oili iliyokaa wazi Dar es Salaam wakati wa masika inavuta unyevu hata kabla haijaingia kwenye pampu.

Kama pampu yako ina kile kifuniko kidogo cha kuingiza hewa (gesi balasti), kifungue mwanzoni unapovuta mfumo wenye maji. Hewa kidogo inayoingia inausukuma mvuke utoke nje kabla haujageuka maji ndani ya oili. Kifunge baadaye, la sivyo hutafika chini.

Hatua ya 3: Ipime pampu peke yake

Hapa ndipo saa zinapopotelea, kwa hiyo tulia.

Kwanza, achana na geji ya bluu, ile ya presha ya chini kwenye manifoldi (kile kiungo chenye geji mbili na vali zake). Sindano ikigota inchi -30 watu wanashangilia, lakini geji ile haina macho ya kuona tunachokitafuta. Tunachokitafuta kinapimwa kwa mikroni, kipimo kidogo sana cha presha. Presha ya hewa ya kawaida ufukweni ni mikroni 760,000. Kwenye joto la nyuzi 25, maji huanza kuchemka presha ikishuka hadi karibu mikroni 24,000, na sisi tunataka 500 au chini. Kutoka 24,000 hadi 500, ile sindano ya bluu inasogea chini ya inchi moja ya kipimo chake. Mfumo wenye maji na mfumo mkavu vinafanana kabisa. Nunua geji ya mikroni ya kidijitali, hata ya bei nafuu, kabla hujanunua pampu kubwa zaidi.

Sasa funga geji moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu kwa kiungo cha shaba. Pasiwe na mpira (hosi) wala manifoldi. Midomo mingine yote iwe na vifuniko vyenye raba nzima. Washa. Pampu nzima ya stepu mbili (inayovuta kwa hatua mbili) itashuka chini ya 100 kwa muda mfupi. Ya stepu moja inaweza kukwama juu kidogo ya hapo, lakini ikishuka chini ya 500 kwa raha, pampu ni nzima na tatizo liko mbele yake.

Isiposhuka, usikimbilie spana. Chunguza haya:

Geji yenyewe. Oili ikiingia kwenye kihisio, inasoma uongo. Kisuuze kwa spiriti ya isopropili, kikauke, na siku zote geji ikae imesimama juu ya bomba, isilale chini yake.

Tepu ya bomba kwenye fleya (kiungo cha mdomo uliopanuliwa, kinachokazwa kwa nati). Toa. Fleya inaziba kwa shaba kugusana na shaba, nyuzi zipo za kukazia tu. Tepu haizibi kitu, na vipande vyake vinaishia kwenye pampu.

Raba za ndani ya mipira. Hii ndiyo iliyokuwa ya yule kijana. Raba nyeusi mwishoni mwa mpira ilikuwa imekatwa na ncha ya kiungo, ufa mwembamba usioonekana mpaka uipinde kwa kucha. Kwenye presha ya gesi ilikuwa haivuji, kwa sababu gesi inaisukuma ijibane. Kwenye vakyumu ikafunguka.

Geji ikishuka vizuri pampuni, ongeza kitu kimoja kimoja: mpira, kisha manifoldi, kisha friji. Namba inapokwama, umempata mwizi. Ila usizime pampu ukatazama namba ikipanda ukasema mfumo unavuja. Pampu nyingi zinarudisha hewa zikizimwa. Weka vali ya kufunga kati ya pampu na geji, ifunge, ndipo utazame. Ikipanda kisha ikatulia, ni unyevu. Ikipanda bila kutulia, ni tundu.

Povu la sabuni halisaidii chini ya vakyumu, linanyonywa ndani. Jaza naitrojeni yenye regyuleta (kipunguza presha), ndipo upake sabuni. Wapo wanaotumia oksijeni kwa sababu mtungi wake upo karibu na gesi ya kuchomelea. Oksijeni ya presha ikikutana na oili ya kompresa inalipuka. Usifanye kabisa.

Hatua ya 4: Kuifungua

Ni pale tu oili mpya na kipimo cha peke yake vimeshindwa. Piga picha kila unachotoa. Tazama vali ya kutolea hewa, kibati chembamba juu ya kiini (sehemu ya ndani inayovuta): kikipinda au kikibeba uchafu, vakyumu haishuki na mlio unabadilika. Kisha vibao vya rota. Viteleze vyenyewe kwenye mifereji yao. Vikinata kwa oili iliyoganda, safisha, usipige msasa. Kibao kikimenyeka, badilisha. Usipake silikoni kati ya sahani za kiini, nafasi zilizopo humo ni ndogo kuliko unene wake.

Hatua ya 5: Kabla ya kuirudisha kazini

Friji za R600a na R290: gesi inashika moto, na swichi ya pampu ya kawaida inatoa cheche. Toa gesi nje penye hewa, pitisha naitrojeni, ndipo uunge pampu.

Na umeme ukikatika katikati ya kuvuta, kimbilia vali kwanza, swichi baadaye. Vakyumu iliyo kwenye friji inaweza kunyonya oili ya pampu kupitia mpira, na hiyo oili haitakiwi kwenye kompresa.