Kijani cha arseniki: usikiache kwenye CMYK

Ukibuni mwonekano wa maonyesho ya rangi za zamani zenye sumu, kijani cha Schweinfurt (1814, shaba na arseniki) kichapishe kwa wino mmoja uliochanganywa tayari. Vidoti vya sayani (buluu-kijani) na njano vya CMYK, yaani uchapishaji wa kawaida wa wino nne (sayani, majenta, njano na nyeusi), hutoa kijani kama mchicha uliolala, na rangi ile ilipendwa kwa mng'ao wake. Chagua wino huo kwa kitabu cha sampuli za wino, ukiulinganisha na kitu chenyewe cha maonyesho kikiwa ndani ya kioo, chini ya taa za ukumbini, si kwa picha ya kwenye skrini. Jaribu kwenye karatasi ileile utakayochapishia: isiyopakwa tabaka la kulainisha uso hunywa wino na kuuzimisha. Mashine nyingi za mabango makubwa hukurudisha CMYK. Hapo kipe kijani eneo dogo, kizungushie nyeusi.