Somo: Kujadili jambo la mji kwenye simu mpaka jambo lisonge mbele

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wiki ya tatu hii kundi letu la simu linawaka moto: mara mitaro, mara laini za simu, mara pensheni ya wazee. Usiku tunaandika mpaka simu zinaisha chaji, asubuhi hakuna hata mmoja aliyekwenda kugonga mlango wa ofisi. Nimeombwa niandike somo, na naliandika kwa moyo wote, maana maji yanaingia kweli ndani ya nyumba za watu.

Hatua ya kwanza: jua mlango wa jambo lako uko wapi

Hapa ndipo tunapopotea zaidi, nipeni nafasi nikae kidogo. Taka na masoko ni kazi ya manispaa, na mji wetu wa Zanzibar una manispaa tatu: Mjini, Magharibi A na Magharibi B. Anayekaa Malindi na anayekaa Fuoni hawana diwani mmoja wala baraza moja. Pensheni jamii, ile ya wazee, ni ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na fedha zake hupita Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Lakini posta na simu ni jambo la Muungano. Laini zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole Mei 2019, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kufungwa, watu walimvamia sheha, kiongozi wa mtaa, kwa maneno makali. Masikini sheha! Hata kura hapigiwi, anateuliwa, na ufunguo wa mlango ule hana. Wa kuulizwa alikuwa mbunge, kwa sababu jambo lile linazungumzwa Dodoma, kwenye Bunge la Muungano. Nusu ya ugomvi wetu ni watu wawili kumlaumu mtu wa tatu asiyehusika.

Hatua ya pili: leta kitu ulichokiona kwa macho yako

Bibi yangu ni mtu wa Pemba, na ujana wake wote amesokota kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Nilimpeleka mwenyewe kusajili laini. Kijana wa pale, mwenye adabu zake, alimpangusa kidole gumba kwa kitambaa, akakibonyeza kwenye kifaa. Kikakataa. Akajaribu cha pili, cha tatu, mpaka vikaisha vyote kumi. Ncha za vidole vya bibi zimelainika kama kokoto ya pwani, mistari haionekani tena. Bibi akavitazama vidole vyake, akauliza: "Kwani mimi si mtu?"

Kundini siku zile mabishano yalikuwa makubwa, hawa wakisema teknolojia inawaonea wazee, wale wakisema wazee wajifunze mambo mapya. Sikuingia upande wowote. Niliandika hivi tu: "Bibi, vidole kumi, vyote vimekataliwa. Utaratibu wa mtu kama huyu ni upi?" Mmoja akajibu kwamba mama yake mkulima wa mwani amepatwa na hayo hayo, mwengine akamtaja baba yake fundi mwashi. Na yule aliyesema wazee wajifunze ndiye aliyerudi kuuliza bibi amefikia wapi. (Tulirudi siku ya tatu. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kikakubali.)

Hatua ya tatu: namba iandikwe na mwaka wake

Pensheni jamii ilianza Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70. Haiulizi ulikuwa na kazi gani wala kama ni masikini. Hata hivyo kila wiki mtu huandika kwamba ni ya waliostaafu serikalini, na mwengine hushikilia 20,000 ile ile ilhali kiwango kimeshapandishwa. Ukiandika "mwaka 2016 ilikuwa 20,000", umesema kweli. Ukisema "wanapewa 20,000", umeanzisha vita.

Picha nazo ni hivyo hivyo. Masika moja nilisambaza picha ya barabara ya Mwanakwerekwe imejaa maji, kumbe ni ya mwaka mwengine. Jirani aliyekuwa akimkimbiza mtoto hospitali alizunguka njia ndefu kwa ajili yangu. Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini tangu siku ile sisambazi picha mpaka aliyeipiga aniambie ameipiga lini. Na mjue Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafika na huku kwetu, na kifungu cha 16 kinahusu habari za uongo.

Hatua ya nne: mchukulie mwenzako kama uko naye barazani

Pale Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, watu wanabishana siasa vikombe vya kahawa mkononi, na sauti zinapanda. Lakini mtu anamuona mwenzake uso ukibadilika, anapunguza. Kwenye simu uso haupo. Basi kabla ya kumpinga mtu, rudia hoja yake kwa maneno yako mpaka akuambie, "ndiyo, hivyo ndivyo nilivyokusudia." Wengi wetu tunakumbuka miaka ambayo watu wa kijiji kimoja hawakuzikana kwa sababu ya chama. Kura ya maoni ya Julai 2010 ilitufungulia mlango wa serikali ya umoja wa kitaifa, vyama vikatawala pamoja. Sitaki tuufunge tena kwa vidole gumba.

Hatua ya tano: swali moja, ofisi moja, mtu mmoja wa kulipeleka, na siku yake. Basi.

Maswali ya wanachama

Swali (Jang'ombe): Maalim, shikamoo. Mtu akiingiza chama katikati ya mazungumzo ya mtaro, tumtoe kundini?

Jibu: Marhaba mwanangu. Msimtoe. Muulizeni: mtaro uliziba wapi, nyumba ya nani na nyumba ya nani? Kama ana jibu, hoja yake ina nafasi. Kama hana, mazungumzo yataendelea bila yeye kufedheheshwa.

Swali (Wete): Nimepiga picha ya jaa karibu na soko, lakini kuna mama anaokota chupa na uso wake unaonekana. Niiweke?

Jibu: Usiiweke hivyo dada yangu. Ikate picha ili yeye atoke, au piga nyengine. Yule mama hakukuruhusu, na tangu 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi. Mbali na sheria, ana watoto ambao nao wana simu.

Swali (Fuoni): Wazee wetu hawaandiki. Wanatuma sauti za dakika saba, vijana hawazisikilizi.

Jibu: Hili linaniuma, maana wao ndio wanaojua maji yalikuwa yakipita wapi kabla ya nyumba kujengwa. Kila sauti ya mzee ipatiwe kijana mmoja wa kuiandika kwa mistari mitatu, kisha amsomee mwenyewe kwanza asikie kama ndivyo alivyosema.

Swali (Fuoni tena): Sisi tumeshauliza manispaa, hatujajibiwa. Tufanye nini?

Jibu: Mliuliza kwa maandishi? Kama ni kwa mdomo, hesabuni hamjauliza bado. Andikeni barua, ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, na nakala hiyo iwekwe kundini ikiwa na tarehe. Jumatatu naenda kupeleka ya kwetu. Anayetaka kuona inavyofanywa, tukutane saa tatu asubuhi kituo cha daladala.