Jinsi ya Kumsaidia Mfanyakazi Aone Sababu ya Kujiendeleza Kitaaluma

Kwa muda mrefu niliandaa mafunzo ya kazini nikianzia kwenye ratiba. Wafanyakazi walihudhuria, wakatia saini, kisha wakarudi kufanya kazi vilevile kama awali. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliwaeleza watakachojifunza bila kuwaeleza kwa nini. Malcolm Knowles, mtaalamu wa elimu ya watu wazima kutoka Marekani, alisisitiza kwamba mtu mzima huhitaji kujua sababu ya kujifunza jambo kabla ya kuanza kujifunza.

Hatua ya 1: Tafuta mahali kazi inapokwama. Kama ripoti hurudishwa mara tatu kwa sababu hesabu zake hazilingani, chukua ripoti hizo hizo na muziangalie pamoja na wanaoziandika. "Kuongeza ufanisi" haitoshi kuwa sababu, kwani hakuna awezaye kuonyesha ulipo.

Hatua ya 2: Zungumza na kila mfanyakazi peke yake. Hii ndiyo hatua ngumu, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Mwulize ni sehemu gani ya kazi inayomchosha bure, na ni kazi gani angependa kukabidhiwa baadaye. Kumbuka kwamba anayeambiwa akajifunze huweza kudhani kuwa ameonekana hafai. Kwa hiyo mweleze waziwazi kilichokufanya umfikirie yeye, na kama kweli kuna upungufu, utaje badala ya kuuficha nyuma ya maneno matamu. Usimwahidi cheo ambacho huna mamlaka ya kukitoa. Ikiwa mafunzo yananufaisha taasisi zaidi kuliko yeye, mwambie hivyo. Nimeona watu wakiupokea ukweli huo vizuri kuliko ahadi hewa.

Hatua ya 3: Mwombe aandike sababu yake kwa sentensi moja, kwa maneno yake mwenyewe. Akikuandikia maneno uliyomwambia wewe, rudini kwenye hatua ya pili.

Hatua ya 4: Panga kuanzia mwisho. Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa tathmini ya mafunzo kutoka Marekani, alianza kueleza ngazi nne za kutathmini mafunzo: mapokeo ya washiriki, walichojifunza, mabadiliko ya utendaji na matokeo. Wengi huishia kwenye fomu ya kuuliza kama mafunzo yalipendeza. Wewe amua kwanza matokeo unayoyataka, kisha utendaji utakaoyaleta, ndipo uchague somo.

Hatua ya 5: Mhusishe msimamizi wake wa karibu, ambaye kwa maoni yangu ana uzito kuliko mkufunzi. Akubali mapema kumpa mfanyakazi kazi inayotumia stadi hiyo ndani ya wiki ya kwanza, maana kisichotumika husahaulika upesi. Baada ya mwezi mmoja, itoeni ile sentensi ya hatua ya tatu, muisome pamoja, na mwenyewe aamue kama ibaki ilivyo au iandikwe upya.