Dubai hadi Guangzhou ni saa ngapi? Hesabu yake hii hapa

Nauza mapazia Eastleigh, na mzigo wangu naufuata Guangzhou kwa kupitia Dubai. Wadogo zangu wanaoanza safari hii huniuliza: kati ya miji hiyo miwili utakaa angani saa ngapi? Kwenda ni kama saa saba na robo, kurudi karibu nane. Ila ukitazama tiketi utaona kitu kingine kabisa.

Anza na umbali. Ramani ya ukutani iache, maana imeunyoosha mviringo wa dunia. Chukua tufe la dunia la mtoto wa shule pamoja na uzi. Uzungushe uzi kwenye ikweta, kisha uupime: mzunguko huo ni kilomita 40,000 hivi. Tufe la nyumbani kwangu lilitoa sentimita 80, basi kila sentimita ni kilomita 500. Sasa ukaze uzi kutoka Dubai hadi Guangzhou. Mimi nilipata sentimita 11.7, yaani kilomita 5,850, na umbali wenyewe ni kama 5,830. Gawanya kwa 880, mwendo wa ndege kubwa kwa saa, uongeze nusu saa ya kupaa na kutua. Kurudi kunachukua muda zaidi kwa sababu upepo wa juu huvuma kutoka magharibi, na wakati huo ndege inaukabili.

Tiketi nayo huandika saa za kila mji. Dubai wako mbele ya Nairobi kwa saa moja, Guangzhou kwa saa tano. Kati yao ni saa nne, mwaka mzima. (China yote inafuata saa ya Beijing, kwa hiyo ukiunganisha hadi Yiwu hubadilishi kitu.) Tuseme unaondoka Dubai 10:30 na kufika 21:45. Hizo ni saa kumi na moja na robo. Toa nne, zibaki saba na robo. Kurudi unaongeza: kuondoka 00:15, kufika 04:15, tiketi inaonyesha saa nne, nawe umekaa kitini nane.

Hiyo 00:15 ndiyo naomba uiangalie sana. Tiketi yangu ilisema Jumamosi, 00:15. Nikaenda uwanjani Jumamosi usiku, ndege imeshaondoka jana yake usiku, nikanunua tiketi nyingine kwa pesa ya mzigo. Bibi yangu wa Mombasa asingekosea. Kwake siku ilianza jua likitua, na usiku wa kuamkia Jumamosi aliuita usiku wa Jumamosi, sawasawa na tiketi.

Tangu siku hiyo saa ya ndege kuondoka siiandiki peke yake. Natoa saa tatu, nageuza kwa saa zetu, naandika kwa kalamu nyuma ya daftari la mzigo: Ijumaa, saa tatu na robo usiku, niwe uwanjani.