Mionzi ya kichwa kwa mwenye limfoma ya ubongo: mwongozo kwa anayeuguza

Limfoma ya ubongo, yaani saratani ya chembe za kinga iliyoota kwenye ubongo, huitikia mionzi upesi, na hapo ndipo ndugu wengi hudanganyika. Uvimbe hunywea, mgonjwa anaanza tena kuongea vizuri, nyumbani watu wanadhani kazi imekwisha. Mionzi ikitolewa peke yake, kwa wengi ugonjwa hurudi. Ndiyo maana methotreksati, dawa ya kemo (tiba ya saratani kwa dawa), ya dozi kubwa, gramu 3 au zaidi kwa kila mita ya mraba ya mwili, hutangulia kwa mgonjwa anayeimudu. Mionzi hufuata, au huahirishwa kabisa.

Basi mwulize daktari kwanza mionzi hii ni ya nini. Kama kemo imefuta uvimbe wote na mionzi ni ya kukazia, dozi yaweza kuwa ndogo: Gy (grei, kipimo cha mionzi) 23.4 kwa vikao 13 vya Gy 1.8. Uvimbe ukiwa umebaki, hupanda hadi Gy 36 au 45. Kama ni ya kutuliza dalili tu, mara nyingi ni vikao 10 vya Gy 3. Kwa kawaida hupigwa ubongo wote, kwa sababu seli za limfoma husambaa hata pale ambapo picha ya MRI inaonyesha pasafi.

Umri una uzito mkubwa hapa. Kwa aliyevuka miaka 60, hatari ya kupoteza kumbukumbu baada ya mionzi ya ubongo wote ni kubwa kiasi kwamba madaktari wengi huiahirisha. Angalia pia mpangilio wa tiba: methotreksati ikija baada ya mionzi hudhuru ubongo zaidi kuliko ikitangulia.

Kabla ya kuanza, mgonjwa hutengenezewa barakoa ya plastiki inayoshika kichwa kisitikisike. Asuke au anyoe kabla ya siku hiyo, si baadaye, maana nywele zikibadilika barakoa hailingani tena. Deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe wa ubongo, nayo huvimbisha uso. Barakoa ikianza kubana, waambieni wataalamu wa mashine siku hiyohiyo.

Nywele huanza kudondoka wiki ya pili au ya tatu. Osha kichwa kwa maji vuguvugu na sabuni laini, funika kitambaa cha pamba dhidi ya jua, na usipake kitu chochote ambacho kliniki haijakubali. Kichefuchefu kikisumbua, omba dawa ya kumeza kabla ya kikao. Uchovu huzidi kuelekea mwisho na huendelea wiki kadhaa. Deksamethasoni imezwe asubuhi baada ya kula, sukari ipimwe, na isikatwe ghafla hata siku moja. Degedege, kutapika mfululizo au usingizi usioamshika ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Kwa anayeishi na VVU, ARV ziendelee au zianzishwe. Kinga ikipanda, nafasi yake ya kuishi nayo huongezeka. Ila septrini, ambayo wengi huimeza kila siku, ikikutana na methotreksati huongeza sumu ya methotreksati kwenye uboho, mahali damu inapotengenezwa. Diklofenaki na ibuprofeni vilevile si za kumpa wakati wa methotreksati. Mtajie daktari kila kidonge kilichopo nyumbani, pamoja na vya duka la dawa.

Kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya kumaliza, mgonjwa anaweza kulala mno na kuzubaa. Mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe, lakini limfoma inayorudi hufanana nayo, hivyo picha ipigwe.

Madhara ya kudumu huja kimyakimya, baada ya miezi au miaka: anasahau alichoambiwa asubuhi, anatembea kwa kuburuza miguu, mkojo unamtoka. Nyumbani husemwa ni uzee, au tezi dume. Andika tarehe kila dalili ilipoanza, umpeleke kliniki na daftari hilo. Huko omba apimwe pia homoni za tezi la shingo, na macho kwa ajili ya mtoto wa jicho, hasa kama macho nayo yalipigwa mionzi. Hayo mawili yana tiba.