Nairobi hadi New York: saa za kwenye tiketi zisikuchanganye

Tiketi ikionyesha unaondoka JKIA, uwanja wa Nairobi, saa sita usiku na kutua JFK, uwanja wa New York, saa mbili asubuhi, usidhani safari inachukua muda wa saa nane. Kila saa iliyoandikwa ni ya uwanja husika, na New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7, au 8 wakati wa baridi kule. Ukienda moja kwa moja utakaa hewani kama saa 15, umbali wa karibu kilomita 11,800. Kurudi huwa kufupi zaidi, maana pepo za juu huvuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege. Mwenye dawa za kumeza kwa saa apange kwa muda huo wa hewani, tena azibebe kwenye mkoba wa mkononi.