Somo: Kukiongoza Chuo Kikuu Wakati wa Shambulio na Baada Yake

Somo hili linawahusu viongozi wa utawala, walezi wa wanafunzi na wakuu wa ulinzi.

Hatua ya 1. Mpe ofisa wa zamu mamlaka ya kutoa tahadhari bila kusubiri kikao. Tarehe 16 Aprili 2007, katika chuo cha Virginia Tech nchini Marekani, watu wawili walipigwa risasi bwenini mnamo saa 1:15 asubuhi. Viongozi walikutana kwanza, barua pepe ya tahadhari ikatoka saa 3:26, na dakika chache baadaye muuaji huyohuyo aliwaua watu 30 katika jengo la madarasa la Norris. Kwa maoni yangu, hakuna kifaa cha kisasa kinachoweza kufidia saa mbili zilizopotea kwa kusubiri idhini.

Hatua ya 2. Andaa ujumbe mapema, useme kuna nini, wapi, na watu wafanye nini. Maneno kama “tukio la kiusalama” hayamwokoi mtu. Amri ya kujifungia ndani nayo haifai kwa kila hali: katika chuo kikuu cha Garissa, Kenya, tarehe 2 Aprili 2015, washambuliaji waliingia mabwenini alfajiri, na watu 148 wakauawa. Kwa hiyo wanafunzi na wafanyakazi wafundishwe kukimbia iwapo njia iko wazi, na kujificha pale tu inapozibwa.

Hatua ya 3. Polisi wakifika, wakabidhiwe ramani, funguo na mtu anayeyajua majengo.

Hatua ya 4. Fungua kituo cha kuwapokea jamaa wa waathirika siku hiyohiyo, chenye orodha moja ya majina inayosimamiwa na ofisi moja. Baada ya shambulio la Garissa, miili ilipelekwa Nairobi, zaidi ya kilomita 300, na wazazi wakaifuata huko kuitambua. Mzazi aliye katika hali hiyo asilazimike kuuliza swali lilelile kwa maofisa watano, wala asisome jina la mwanawe mtandaoni kabla ya kuarifiwa ana kwa ana.

Hatua ya 5. Amua hatima ya masomo kwa kuwapa wanafunzi hiari. Virginia Tech iliwaruhusu kupokea alama walizokwisha kupata, kumaliza muhula au kuacha somo bila adhabu. Wa Garissa walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na chuo chao kikafunguliwa tena Januari 2016 kikiwa na kituo cha polisi ndani yake.

Maswali ya washiriki wa somo

Swali: Mwalimu, je, tahadhari ikitolewa kimakosa, ofisa wa zamu aadhibiwe?
Jibu: La, iwapo alitenda kwa nia njema na kwa taarifa alizokuwa nazo. Ukimwadhibu mmoja, atakayemfuata atasubiri kikao.

Swali: Nani azungumze na waandishi wa habari?
Jibu: Msemaji mmoja, kwa saa zinazojulikana, hata kama hana jipya.

Swali: Huduma ya ushauri nasaha iendelee kwa muda gani?
Jibu: Usiifunge pamoja na mazishi. Wapo watakaoonekana wazima kwa miezi mingi, kisha walemewe wakati wa mitihani au kumbukumbu ya mwaka. Wajumuishwe pia walinzi, wapishi na wasafishaji, ambao mara nyingi husahaulika ingawa ndio waliosafisha vyumba vilivyoshambuliwa.